Kishikwambi cha Siwatu na Nyani wa Serikali

Nchi ya Subirini msiitafute kwenye ramani. Si kwamba haipo. Ipo, ina bendera, ina wimbo mrefu wa taifa, na ina mawaziri wengi kuliko matundu ya vyoo mashuleni. Ila ramani zake huchorwa na Idara ya Usalama wa Ramani, na idara hiyo kila ionapo mahali pana jambo la maana hupapaka rangi ya kijani na kuandika "Msitu". Ndiyo maana wageni husifu sana jinsi Subirini inavyotunza mazingira.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo alikuwako mwalimu wa sekondari, Siwatu Ngoda. Baba yake, Mzee Ngoda, alikuwa mnadi gulioni. Sauti yake ilikuwa mali. Akitangaza "mara ya mwisho!" hata mbuzi waliokuwa wakiuzwa waliacha kutafuna. Basi ugonjwa, usiochagua, ukamshika palepale kooni, na madaktari wakasema kisanduku cha sauti lazima kitolewe, la sivyo atatoka yeye mwenyewe duniani.

Mzee hakulalamika. Jambo moja tu lilimkera: binti yake wa mwisho, Sikudhani, alikuwa ameposwa, na baba ndiye atoaye nasaha mbele ya wageni.

"Nirekodi sasa," alimwambia Siwatu, "kabla hawajanifikia na kisu."

Siwatu akanunua kile kibao cha kioo ambacho serikali hukiita kishikwambi na watu wengine wote hukiita tableti. Akakivika kifuniko cha buluu, kilichokwaruzika pembeni siku hiyohiyo, akakisimamisha juu ya stuli pembeni ya kitanda cha hospitali.

"Bonyeza, kisha toka nje," mzee akasema.

"Nitoke, Baba?"

"Toka. Nasaha si mchuzi wa kuonjwaonjwa. Mtasikia siku ya harusi, wote kwa pamoja."

Siwatu akatoka. Kesho yake mzee aliingia chumba cha upasuaji akiwa mnadi, akatoka akiwa bubu. Alichobaki nacho ni mikono, na mikono yake ikajifunza haraka kusema kila kitu, hata matusi.

Kwa kuwa Siwatu alijua amebeba nini, alikaa chini akakiwekea kile kishikwambi ulinzi. Aliweka nywila. Akakiunganisha na simu yake, ili kikipotea simu ionyeshe kilipo. Kifaa kikamwuliza kama anaruhusu mahali pake pajulikane, akaruhusu. Kama anaruhusu ujumbe wake kwa atakayekiokota usomeke hata kikiwa kimelala, akaruhusu, akauandika. Kama anaruhusu kipige kelele akikiita kutoka mbali, akaruhusu. Alitaka pia kuihifadhi ile sauti mtandaoni, lakini wiki hizo serikali ilikuwa imeubana mtandao wananchi wasisambaze picha za mafuriko. Nukta ya ramani, kwa udogo wake, ilipenya. Sauti ya mzee haikupenya.

Sasa Wizara ya Maadili ikaitisha Kongamano la Kitaifa la Uadilifu, na walimu wote wa mjini wakaamriwa kuhudhuria. Nyumbani kwa Siwatu mafundi rangi walikuwa wakiingia na kutoka kwa sababu ya harusi. Akaona si vizuri kukiacha kishikwambi. Akakichukua, akijiambia kwamba kama kuna mahali salama chini ya jua, ni kwenye kongamano la uadilifu.

Katikati ya mada iliyoitwa "Cha Mtu Mavi", washiriki waliitwa nje kupiga picha na Waziri, Mheshimiwa Dakta Fahamueli Tukuza. Walisimama juani wakitabasamu mpaka midomo ikakauka. Siwatu aliporudi mezani alikuta chupa yake ya maji na kalamu ya kongamano. Kishikwambi hakipo.

"Kaka, kuna mtu amechukua kitu changu," alimwambia kijana wa mapokezi.

Kijana alishtuka kwa niaba ya taifa. "Mwalimu! Humu ndani wote ni waadilifu. Huoni vitambulisho vyao shingoni?"

Siwatu hakubishana. Alitoa simu, akafungua ramani. Nukta ya buluu ilikuwa ikitembea. Ilitoka kwenye lango la ukumbi, ikashika Barabara ya Ukweli, ikapita taa nyekundu bila kusimama, ikaingia kwenye eneo la kijani na kutulia. Juu yake pameandikwa: Msitu.

*

Kwenye kituo cha polisi alimkuta Sajini Mbegete, mtu mnene mpole aliyekuwa akimenya chungwa kwa uangalifu mkubwa.

"Afande, nimepoteza kishikwambi."

"Pole sana, mama. Kimepotelea wapi?"

"Kilikuwa kongamanoni. Sasa kipo hapa." Akamwonyesha simu.

Sajini alitazama ile nukta, akatazama chungwa, akamtazama Siwatu kwa huruma.

"Mwalimu, wewe umesoma. Kitu kilichopotea ni kitu gani?"

"Ni kitu usichokiona."

"Ni kitu usichojua kilipo. Wewe chako unajua kilipo. Basi hakijapotea."

"Basi kimeibwa."

"Aa, hapo sasa unamtuhumu mtu. Nani?"

"Simjui, afande. Ndiyo nimekuja tukamwone."

"Humjui. Kwa hiyo mwizi ndiye aliyepotea, si kishikwambi." Sajini alifurahi, kwa maana jambo lilikuwa limenyooka. "Ukija na mwizi asiye na kitu, nakupokea. Ukija na kitu kisicho na mwizi, nakupokea. Lakini umekuja na nukta."

Siwatu akavuta kiti. Akamweleza kuhusu baba, kuhusu koo, kuhusu harusi iliyokuwa ikikaribia. Sajini, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliacha kumenya. Akaisogeza simu karibu na macho.

"Hapa panaitwa Msitu," alisema kwa sauti ya chini. "Serikali imesema ni msitu. Msituni kuna nini, mwalimu?"

"Miti."

"Na?"

"Sijui, afande. Wanyama."

"Nyani," alisema Sajini, uso ukimng'aa. "Nyani huchukua vitu. Wana mikono."

Jioni ile Jeshi la Polisi lilitangaza redioni kwamba linamsaka nyani mmoja, rangi ya kahawia, anayedhaniwa kuwa na elimu ya kati.

*

Siwatu aliona asingoje. Siku iliyofuata alipanda bodaboda, akaifuata nukta mwenyewe. Barabara ya kwenda msituni ilikuwa ya lami nzuri kuliko zote alizowahi kuziona, ina taa pande zote na maua katikati. Mwisho wake palikuwa na geti la chuma lenye nakshi za dhahabu, na mlinzi aliyevaa suti akiosha gari refu jeusi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umepotea?"

"Hapana. Hii ni nyumba ya nani?"

"Nyumba ipi?"

Siwatu alielekeza kidole. Nyuma ya mlinzi palikuwa na jumba la ghorofa, vigae vyekundu, bwawa la kuogelea, na mwanamke akianika mashuka roshani.

"Hapa ni msitu, dada," mlinzi alisema, akikamua kitambaa.

"Na yule anayeanika?"

Mlinzi hakugeuka. "Misitu ina mambo."

Siwatu akabonyeza simu. Kutoka dirisha la ghorofani ukatoka mlio mkali kama wa treni inayokataa kusimama. Mwanamke wa roshani aliangusha shuka.

"Hicho ni changu!" Siwatu alipiga kelele. "Unakisikia! Hicho ndicho changu!"

"Ni ndege," alisema mlinzi. Kisha akasogea karibu, na sauti yake ikawa ya kibinadamu. "Dada, nina watoto wanaosoma. Nakuomba usinifanye nisikie."

Siwatu alisimama pale, mkono kwenye geti. Angeweza kugombana na mtu mkaidi. Na huyu aliyekuwa akimsihi, angemfanya nini? Akarudi mjini akilia kwa hasira nyuma ya bodaboda, na dereva, mtu wa adabu, akajifanya anaimba.

*

Tangu hapo Siwatu akawa mtu wa kuitazama nukta. Aliitazama akisahihisha insha, aliitazama akionja wali. Ndivyo alivyogundua kwamba kila mahali alipokuwa Waziri wa Maadili, nukta nayo ilikuwepo. Waziri akizindua kisima, nukta kisimani. Waziri akifunga semina, nukta seminani. Kisha magazeti yakaandika kwamba Mheshimiwa Tukuza amesafiri ng'ambo kwenye mkutano wa kimataifa wa uadilifu. Nukta ikaenda Majimoto, kwenye nyumba ya wageni yenye chemchemi za moto, ikakaa huko mpaka mkutano wa ng'ambo ulipokwisha.

Alimpigia simu Sajini Mbegete.

"Afande, kishikwambi changu anacho Mheshimiwa Waziri."

Upande wa pili kitu kama chungwa kikaanguka sakafuni.

"Afande?"

"Mwalimu, mimi na wewe hatujawahi kuzungumza," alisema Sajini, akakata.

Kesho yake mkuu wa shule alimwita Siwatu ofisini, akafunga mlango, akafunga dirisha, akafunga na pazia. Wakubwa, alisema, wamepata habari kwamba kuna mwalimu anayefuatilia mienendo ya viongozi kwa kutumia mitambo.

"Nafuatilia kishikwambi changu, mkuu. Kiongozi ndiye anayekifuata."

"Siwatu, mdogo wangu. Kizime tu. Si kuna kitufe cha kufuta kila kitu kutoka mbali? Futa, yaishe."

Kitufe kilikuwapo kweli. Siwatu alikijua. Angekibonyeza, na sauti ya baba yake ingeondoka duniani kwa mara ya pili.

Usiku wa kuamkia siku hiyo hakuwa amelala, na maneno yalimtoka bila kupimwa. "Mkuu, kama baba yako angekuwa ndani ya ile tableti, ungefuta?"

Mkuu wa shule akafungua pazia, akaonyesha mlango.

Nyumbani, Sikudhani alikuwa akishonewa gauni. "Dada, acha," alisema, pini mdomoni. "Baba yupo. Atakaa mbele, tutamtazama. Inatosha."

Mzee Ngoda alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kamba. Aliinua mkono, akaupeleka kooni, akaushusha, akautikisa mara nyingi na kwa ukali. Wote wawili walimwelewa. Haikutosha.

*

Waziri akaandaa mkutano wa hadhara kuzindua Operesheni Nyani. Uwanja ulijaa, kwa kuwa wafanyakazi wote wa serikali walikuwa wameombwa kuja kwa hiari na majina yao kuangaliwa mlangoni. Siwatu alikaa katikati ya walimu wenzake.

Mheshimiwa Tukuza alipanda jukwaani akiwa amekishika mkononi. Kifuniko kilekile cha buluu, chenye mkwaruzo uleule pembeni. Waziri alikiegemeza mbele yake, akatoa miwani, akaanza kusoma hotuba kutoka kwenye kioo cheusi. Hakuwahi kuijua nywila, na wala hakuwahi kuihitaji. Karatasi ya hotuba ilikuwa imebandikwa juu kwa gundi. Wakubwa wa Subirini msimu ule walikuwa wamekubaliana kwamba kiongozi asiyeshika kishikwambi hana upeo.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Katika nchi hii hakuna kinachopotea! Kinachoonekana kupotea kinakuwa kinatunzwa! Na anayesema kimeibwa, je, amemwuliza aliyekichukua? Nasema, mkono wa serikali yetu ni msafi, na mkono msafi..."

Siwatu akabonyeza.

Mlio wa treni ulilipuka mbele ya Waziri. Walinzi walimrukia, wakamlaza, wakalala juu yake kwa mpangilio wa vyeo. Kikundi cha matarumbeta, kikidhani ni ishara, kikaanza wimbo wa taifa, na watu wote wakasimama wima huku Mheshimiwa akiwa chini. Wimbo una beti nyingi. Mlio haukukoma.

Ofisa wa mabomu aliyefuatwa mbio aling'oa ile karatasi ya hotuba, na kioo kikaonekana kinawaka. Akasoma kwa sauti, na kipaza sauti kilikuwa wazi:

"Hiki ni kifaa cha Siwatu Ngoda. Ndani yake kuna sauti ya baba yangu. Tafadhali nirudishieni."

Siwatu akabonyeza tena, mlio ukakoma, na matarumbeta yakashushwa. Walinzi waliokuwa juu ya Waziri walitazamana.

Siwatu alitoka katikati ya walimu. "Ni mimi," alisema. Hakukuwa na haja ya kupaza. "Naomba nipewe."

Mheshimiwa Tukuza alichomoka chini ya walinzi, akajipangusa vumbi, akakichukua kishikwambi kwa ofisa, akatabasamu. Watu kama yeye hawafiki walipofika kwa bahati.

"Mnaona!" alisema. "Operesheni haijazinduliwa, na tayari imefanikiwa! Kifaa hiki nimekinyang'anya nyani kwa mikono yangu mwenyewe!"

Makofi. Waliokuwa wameangaliwa majina walipiga zaidi.

"Basi nipe, Mheshimiwa," alisema Siwatu, ambaye sasa alikuwa amefika chini ya jukwaa na mikono imenyooshwa.

"Ningependa, mwanangu. Moyo wangu unapenda. Lakini hiki sasa ni kielelezo cha kesi. Sheria ni msumeno."

Akamkabidhi ofisa kile kishikwambi, na kikapita juu ya kichwa cha mwenyewe, karibu kabisa. Siwatu aliruka kukishika. Vidole vyake viligusa kifuniko. Polisi wawili wakamrudisha nyuma kwa heshima zote.

*

Kesi ilisajiliwa kama Jamhuri dhidi ya Nyani Asiyejulikana. Iliahirishwa kwa kuwa mshtakiwa hakufika. Ikaahirishwa tena ili atafutiwe wakili. Siwatu alikwenda kila ilipotajwa, na kila mara aliiona ile kona ya buluu ndani ya kabati la vielelezo, nyuma ya kioo, umbali wa mkono tu. Siku hizo nukta haikuwa ikisogea.

Wiki ya harusi ikafika. Siwatu alikwenda kwa karani wa mahakama, mama mmoja mwenye mafua, akamwomba akiazime kwa siku moja tu.

"Kielelezo hakitoki nje ya mahakama, mwalimu."

"Hata kwa saa moja?"

"Hata kwa dakika." Karani akapenga kamasi. "Kinachoruhusiwa ni kukifungua mbele ya hakimu, kama mlalamikaji anathibitisha ni chake."

Siwatu alimtazama. Karani naye akamtazama, akarudi kwenye leso yake.

Basi asubuhi ya harusi, watu waliokuwa na kesi zao za mbuzi na mipaka waliona mlango wa mahakama ukifunguliwa, na bibi harusi akiingia na gauni lake, bwana harusi nyuma yake, mashangazi wenye khanga sare, wapishi wawili wanaonukia pilau, na mbele yao wote Mzee Ngoda katika kanzu mpya. Simu zao zilizuiwa getini, kama ilivyo sheria. Wakajaza mabenchi.

Hakimu, mtu mkavu aliyechoka, aliwatazama juu ya miwani. "Hawa wote ni nani?"

"Ni wasikilizaji, Mheshimiwa Hakimu," alisema Siwatu. "Naomba kuthibitisha kielelezo ni changu."

Mwendesha mashtaka alipinga. Hakimu akaangalia saa, akaangalia bibi harusi, akasema, "Thibitisha."

Wakampa. Kilikuwa kizito kuliko alivyokumbuka. Akakosea nywila, akakosea tena, akamsikia mwendesha mashtaka akicheka puani. Mara ya tatu kikafunguka.

Na mle ndani ya mahakama ya Subirini ikatoka sauti ya gulioni, pana, yenye mkwaruzo wa tumbaku, sauti ambayo hakuna aliyetegemea tena kuisikia.

"Sikudhani! Kaa vizuri nikuone. Najua sikuoni. Kaa vizuri tu." Shangazi mmoja alishika mdomo. "Nimeuza mbuzi maisha yangu yote, lakini wewe sikuuzi, nakutoa bure, na aliyekupata asidhani kapata cha bure. Mwanangu, nina neno moja. Mkikosana, usimnyamazie mwenzio. Wala yeye asikunyamazie. Mimi kesho nanyamazishwa kwa kisu, sina la kufanya. Lakini mtu mwenye koo zima akinyamaza, huyo kajikata mwenyewe. Semeni. Semeni hata vibaya. Haya, nimemaliza. Siwatu! Siwatu, njoo uzime hiki kidude."

Mlangoni askari alikuwa amevua kofia. Watu wa kesi za mipaka walitazama chini, kisha wakatazamana.

Mwendesha mashtaka alisimama, akiwa amebadilika rangi. "Mheshimiwa, naomba kielelezo kishikiliwe zaidi. Maneno hayo ni ya uchochezi."

Hapo Sikudhani, bibi harusi, ambaye desturi inamtaka ainamishe uso mpaka jua litue, aliinuka akapiga kigelegele peke yake, kikali, kirefu. Mashangazi wakakidaka. Hakimu aligonga nyundo, na kwa kelele zile ilikuwa kama naye anapiga ngoma.

Kesi ikaahirishwa. Kishikwambi kikarudishwa kabatini.

Harusini usiku huo kila mtu aliyarudia maneno ya mzee. Wapishi waliyasema, watu wa kesi za mbuzi ambao hakuna aliyewaalika waliyasema. Kesho yake yalikuwa sokoni, na keshokutwa yameandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa Wizara: Mwenye koo zima asinyamaze. Wizara ikapaka ukuta rangi ya kijani.

Watu walimpongeza Siwatu. Aliwashukuru, kwa kuwa alilelewa vizuri. Lakini yeye hakuwa ametafuta maneno. Maneno yangeweza kuandikwa na mtu yeyote. Alichokitaka ni ule mkwaruzo, ule mwito wa "Siwatu!" uliotoka kwenye koo ambalo halipo tena, na huo ulikuwa umefungiwa kwenye kabati la serikali, na betri ikipungua.

Jumatatu alivaa viatu vya kutembelea, akamuaga baba yake, akaenda mahakamani kupanga foleni.